Spea haina jina wala namba: namna ya kuitambua kwa akili mnemba kabla hujaagiza

Kigoma iko mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na spea iliyoagizwa kimakosa ina gharama mara mbili: umelipia kuileta, utalipia kuirudisha, na hapo ni kama muuzaji atakubali kuipokea. Wakati huo mashine ya kusaga iko kimya Ujiji, au boti imevutwa mchangani Kibirizi na wavuvi wanahesabu usiku wanaokosa.

Ndipo mtu anapotoa simu, anapiga picha kipande kilichokufa na kuiuliza akili mnemba: "Hii ni nini? Nipe namba yake." Nusu ya kwanza ya swali hilo ni nzuri. Nusu ya pili ndiyo inayopoteza hela za watu. Programu hizi ni hodari wa kutaja aina ya kitu: hii ni beringi ya rola, hii ni impela ya pampu ya maji, hii ni sili ya mafuta. Lakini picha haina milimita ndani yake. Beringi ndogo na beringi kubwa za sura moja, zikipigwa picha kwa karibu, zinafanana kabisa. Ukiilazimisha programu itoe namba, itakupa, tena bila kusita, hata kama imeibuni.

Kwa hiyo namna ninayoifundisha ni kuigeuza kazi: wewe ndiye wa kupima, yenyewe ndiyo ya kukuambia upime nini.

Kabla ya kuchomoa

Piga picha kipande kikiwa bado mahali pake. Kikishawekwa mezani, hata fundi mzoefu anaweza kukiita jina lisilo lake, sembuse simu. Onyesha kinashika nini, kinazungukia wapi, mafuta au maji yanapita upande gani.

Kisha tafuta kibati cha mashine, yaani bati dogo lenye jina la modeli na namba zake. Kwenye injini za dizeli za Kichina za silinda moja, jina lenyewe lina maana: S195 ni silinda 1 yenye kipenyo cha milimita 95, na ZS1115 ni silinda 1 yenye kipenyo cha milimita 115. Kwenye mashine ya boti ya Yamaha, kibati kiko kwenye mabano yanayobana ubao wa nyuma wa boti. Usiishie kuandika "Yamaha 40". Injini za Yamaha za nguvu farasi 40 ziko za modeli zaidi ya moja, na impela zake hazivaani zote. Nakili kila herufi ya modeli pamoja na namba ya injini.

Nitie neno hapa: kibati nacho kina mipaka. Mashine zetu nyingi zimeshafanyiwa upasuaji. Bloku ya huku, silinda hedi ya kule, pampu ya mashine iliyokufa miaka ile. Kama mwenye mashine ni mzee aliyeinunua mkononi, muulize kwa upole imewahi kubadilishwa nini. Jibu lake linaweza kuwa na thamani kuliko kibati.

Safisha, halafu ufufue maandishi

Osha kwa dizeli na mswaki wa zamani, kausha kwa kitambaa. Pale penye maandishi usipitishe msasa, brashi ya waya wala grainda. Herufi za beringi zina kina kidogo mno, na ukizikwangua mara moja hazirudi.

Namba ikionekana kama imefutika, usikate tamaa haraka. Sugua chaki nyeupe juu yake, kisha pangusa taratibu kwa kidole: unga unabaki kwenye mikwaruzo ya herufi na namba inasimama. Isipotosha, ingia kivulini, washa tochi ya simu nyingine na uilaze pembeni kabisa ya chuma, mwanga upite ubavuni. Vivuli vidogo vya herufi vitajitokeza, na hapo piga picha. Njia ya tatu ni ya shule ya msingi: weka karatasi nyembamba juu ya namba na usugue kwa penseli ya risasi.

Uwe na jicho la kutofautisha namba mbili. Namba iliyovimba juu ya chuma cha kumimina mara nyingi ni ya kalibu, yaani umbo lilikomiminiwa, na mara nyingi haiko sawa na namba ya spea kwenye katalogi. Namba iliyochongwa au kupigwa ndani ya chuma ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukufikisha dukani. Ziandike zote, lakini eleza ipi ni ipi.

Picha

Weka kipande juu ya kitu cha rangi moja, gunia jeupe la unga linatosha. Kivuli cha mchana ni bora kuliko jua kali na kuliko flashi ya simu inayopiga moja kwa moja, ambayo hung'aa kwenye chuma na kuficha maandishi. Simama wima juu yake. Ukiipiga kwa mshazari, duara linageuka yai.

Unahitaji pande zote mbili za bapa, ubavu, namba kwa karibu, na mahali kilipochakaa. Laza rula kando ya kipande kwenye picha moja, usawa mmoja nacho. Rula haichukui nafasi ya kalipa, kile chombo cha kubana kipande na kusoma kipenyo au unene wake, lakini inaizuia programu isidhani puli ya mashine ni ya cherehani.

Kama uko Kalya au kijiji kingine cha mwambao ambako mtandao ni wa kubahatisha, piga picha zote na uandike vipimo huko huko, utume ukifika penye mtandao. Na ukimtumia mtu mwingine akuulizie, tuma kwa WhatsApp kama faili. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na herufi ndogo ndizo za kwanza kupotea.

Vipimo, ambako kazi yenyewe ilipo

Nunua kalipa, hata ile ya plastiki. Kwa yule asiyenayo, zungushia uzi kwenye shafti, pima urefu wa uzi na ugawanye kwa 3.14. Utapata kipenyo cha kukadiria, kinachotosha kuanzia mazungumzo, hakitoshi kuagizia.

Beringi ina vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Chukua 25, 52 na 15. Mtu aliyezoea atasema hapo hapo "6205", na mara nyingi atapatia, kwa sababu ndiyo beringi ya gololi ya kawaida ya vipimo hivyo. Tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani, 25. Kanuni hiyo inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo ina utaratibu wake, 6203 kwa mfano ni tundu la milimita 17.

Ila 25, 52, 15 ni vipimo pia vya 7205, ambayo hubeba mzigo wa kusukuma kutoka upande mmoja na ukiigeuza umeiua. Ni vya 1205, yenye mistari miwili ya gololi, inayokubali shafti iliyopinda kidogo. Ni vya NU205, ambayo ni ya rola. Zote nne zitaingia kwenye tundu lile lile, na ukikosea, mashine itawaka, itafanya kazi, kisha itarudi gereji mapema. Hapa ndipo picha inapolipa: kipimo hakijui kama ndani kuna gololi au rola, picha inajua. Na picha haijui kama ni 6205 au 6305, ambazo zote zina tundu la 25 huku ya pili ikiwa na kipenyo cha nje cha 62 na unene wa 17. Kalipa inajua.

Usisahau herufi za mwisho. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya mpira. C3 ni nafasi kubwa zaidi ya kawaida kati ya gololi na njia yake, kwa ajili ya kazi yenye joto. Duka likikuambia "hizo herufi hazina maana", badili duka.

Sili ya mafuta ni rahisi zaidi maana nyingi huandikwa usoni, mfano 25x40x7: shafti, tundu inakokaa, unene. Zikifutika, usipime mdomo wa sili kuukuu, kwani mpira uliopigwa na joto hauko tena saizi yake. Pima shafti kwa namba ya kwanza na tundu la chuma kwa namba ya pili.

Mkanda wa mashine: upana wa juu wa aina ya A ni milimita 13, B ni 17, C ni 22. Namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi, hivyo B60 ni inchi 60. Mkanda uliochakaa umepungua upana na umeongezeka urefu, kwa hiyo pitisha kamba kwenye mifereji ya puli zote mbili, injini ikiwa katikati ya nafasi yake ya kukazia, kisha ulinganishe.

Bolti: weka rula kando ya meno, pima nafasi ya hatua kumi, gawanya kwa 10. Bolti ya milimita 10 inayotoa 15 kwa hatua kumi ni ya 1.5, inayotoa 12.5 ni ya 1.25, ambayo imejaa kwenye magari ya Kijapani. Kwa macho zinafanana, na nyingi zimeharibu nati kwa sababu hiyo tu.

Gia: hesabu meno kwa mkono wako, weka alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Usiiachie programu ihesabu kutoka kwenye picha, kuhesabu vitu vingi vinavyofanana ni udhaifu wake unaojulikana. Ukishaipa idadi na kipenyo cha nje, hesabu inayobaki inaiweza. Gia ya meno yaliyonyooka yenye meno 20 na kipenyo cha nje cha milimita 66: ongeza 2 kwenye meno, upate 22, gawanya 66 kwa 22, upate 3. Hiyo ndiyo moduli, kipimo cha ukubwa wa jino, na mkerezaji, yaani fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, ataiulizia kabla ya kitu kingine.

Jambo la mwisho kwenye kupima: shafti ikisoma 25.4, usiirekebishe iwe 25. Hiyo ni inchi 1. Injini za zamani za Kiingereza kama Lister zilitengenezwa kwa inchi, na beringi ya 25 haitapanda humo hata uipige nyundo.

Kuuliza

Kuna zana za namna mbili, na zisichanganywe. Google Lens inatafuta picha zinazofanana na yako kwenye mtandao. Anza nayo kama hujui kabisa kitu kinaitwaje. ChatGPT, Gemini na Claude zinapokea picha pamoja na maelezo na kuyafikiria kwa pamoja. Hizo ndizo za kazi yetu. Matoleo ya bure yanatosha.

Usiandike jibu ndani ya swali. Ukiuliza "hii ni 6205, au siyo?", programu inaelekea kukubaliana nawe kwa adabu. Andika hivi:

"Nina beringi iliyotoka kwenye giaboksi ya mashine ya kukamua mawese, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Kipenyo cha ndani milimita 25, cha nje 52, unene 15, vimepimwa kwa kalipa. Ndani kuna rola za mviringo, hakuna gololi. Maandishi yanayosomeka: N, herufi moja au mbili zimefutika, kisha 205. Usinipe jibu moja. Taja uwezekano wote, halafu niambie nikague nini kwenye kipande ili nichague. Jambo lisiloonekana kwenye picha, sema halionekani."

Jibu zuri litakutajia NU205, NJ205 na NUP205, na litakutuma ukaangalie kingo. NU ina kingo mbili kwenye ringi ya nje na haina hata moja kwenye ringi ya ndani, hivyo ringi ya ndani inateleza na kutoka pande zote. NJ ina ukingo mmoja kwenye ringi ya ndani, inatoka upande mmoja tu. Unaichukua beringi, unasukuma ringi ya ndani kwa dole gumba, unapata jibu. Programu haikukuambia namba. Imekuambia usukume wapi.

Mwishoni iombe pia programu ikupe jina la kipande kwa Kiingereza na kwa maandishi ya Kichina. Wauzaji wengi wa spea za injini za Kichina huorodhesha bidhaa kwa majina hayo, na ukitafuta kwa Kiswahili hutaziona.

Kuhakiki

Namba yoyote uliyopewa, fanya kama imetoka kwa mtu usiyemjua kituo cha basi. Itafute yenyewe mtandaoni, peke yake, na usome vipimo kwenye katalogi ya mtengenezaji, kisha ulinganishe na vya daftari lako. Kwa spea za Yamaha kuna alama ya kusaidia: nafasi tatu za kwanza za namba ya spea, ziwe herufi au tarakimu, huonyesha modeli ambayo kipande kilibuniwa kwa ajili yake, isipokuwa vipande vya jumla kama sili na beringi ambavyo namba zake huanza na 9. Programu ikikupa namba ya impela yenye mwanzo usiohusiana na modeli yako, uliza kwa nini. Wakati mwingine ni sahihi, kwa sababu kipande kimoja hutumika kwenye modeli kadhaa. Wakati mwingine itaomba radhi na kukutungia nyingine.

Fungua pia mazungumzo mapya, uweke picha na vipimo vile vile bila kutaja jibu la kwanza. Majibu mawili yakigongana, umejua kwamba taarifa zako hazijatosha.

Kuna vitu picha haiwezi kukuambia hata ipigwe na kamera ya harusi: ugumu wa chuma, aina ya mpira, nguvu ya springi. Nozeli mbili za dizeli za sura moja zinaweza kutofautiana idadi ya matundu na pembe yake. Bolti ya kichwa chenye alama ya 8.8 na ile isiyo na alama zitaonekana ndugu. Kwa hiyo breki, usukani, mitungi ya gesi, na chochote kinachobeba presha, programu ikusaidie kukijua jina tu. Kuchagua kipi cha kufunga ni kazi ya fundi mwenye kitabu cha mashine ile mkononi.

Kuagiza, au kukereza

Ujumbe kwa muuzaji wa Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, uwe mfupi na wa namba:

"Habari za kazi, bosi. Naulizia beringi NU205, ndani 25, nje 52, unene 15. Niko Kigoma, kurudisha mzigo ni shida. Naomba picha ya upande wenye namba, na nyingine ikiwa imeshikwa na kalipa, kabla sijalipa. Ni ya kampuni gani?"

Muuzaji wa kweli atatuma picha hizo bila kununa. Zikifika, zilinganishe na zako: idadi ya rola, umbo la kizimba (fremu inayotenganisha rola), kingo. Kipande kikuukuu kibaki nawe mpaka kipya kifungwe na mashine ifanye kazi. Usikubali kukiacha kama "sampuli" kwenye basi.

Vipo visivyopatikana popote. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwetu ikiwa vipandevipande na kuzinduliwa Kigoma mwaka 1915. Chombo cha umri huo huendi nacho dukani na katalogi. Mashine za kukamua mawese zilizoundwa na mafundi wa hapa hapa nazo hazina namba tangu kuzaliwa. Hapo safari inaishia kwa mkerezaji. Ulizia SIDO (shirika la viwanda vidogo), VETA (vyuo vya ufundi stadi), au karakana ya mtu binafsi yenye mashine ya kukereza.

Akili mnemba bado ina kazi hapa. Iambie kipande ni nini, iombe orodha ya vipimo ambavyo mkerezaji atavihitaji, ujaze. Kwa bushi yenye mfereji wa kabari, kile kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke peke yake juu ya shafti, itakukumbusha upana na kina cha mfereji. Kwa shafti ya milimita 25 kabari ya kawaida ina upana wa milimita 8, hivyo ukipima 6 au 10, pima tena. Usiiombe mchoro wa picha. Itakuchorea kitu cha kupendeza chenye uwiano wa uongo. Mchoro wako wa kalamu wenye namba zilizopimwa unamtosha mkerezaji.

Na umpelekee shafti yenyewe pamoja na bushi. Shafti iliyokwisha liwa haina tena kipimo cha kitabuni, na tundu la bushi mpya litakerezwa kufuata ilivyo leo.